Kukaa Bila Kununua

Je, mtu asiye na senti mfukoni ana haki ya kukaa katikati ya mji? Nilijiuliza hivyo Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, nikiwa chini ya mwembe, jua la saa saba likiwaka. Hakuna aliyeniuliza nimenunua nini. Katika nchi hii ya Wanyamwezi, wapagazi wa misafara nao walitua mizigo wakapumzika kivulini.

Nairobi, swali hilo liliwahi kuleta mvutano. Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa umma na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Uhuru Park ilifunguliwa na serikali mwaka 1969. Moja zawadi ya tajiri, nyingine bustani ya taifa. Hatari ikawa ileile. Mwaka 1989 palipangwa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Wangari Maathai akapinga, na halikujengwa. Muda mfupi baadaye Jeevanjee nayo ikanusurika kujengwa.

Basi si hati wala jina zuri vinavyolinda kivuli, ni wanaokikalia. Isikizya bado inakua. Tutenge pa kukaa sasa, kabla bei ya kiwanja haijapanda.