Bamba la Chuma na Ahadi ya Malaika

Bugolobi ni mtaa wa Kampala wenye lami, lakini gari linaloandaliwa huko kwa safari ya Karamoja litakutana na mawe. Ndipo mwenye gari humwomba fundi amkatie bamba la chuma, labda la milimita 4, la kukinga sampu ya oili na giaboksi. Mcha Mungu atauliza: je, huko si kupungukiwa imani? Zaburi ya 91 inaahidi malaika watakaomlinda mtu asijikwae kwenye jiwe. Lakini katika Mathayo 4 anayeitaja ahadi hiyo ni Ibilisi, juu ya kinara cha hekalu, na Yesu anakataa kuruka. Basi asemaye "Mungu atalinda" huku sampu iko wazi ameshika hoja ya Ibilisi, japo kwa sauti ya sala.

Pingamizi zito zaidi hutoka upande wa pili: bamba humpa dereva kiburi, akakanyaga mafuta palepale alipopaswa kupunguza mwendo. Ni kweli, tena chuma kizito hulemea springi za mbele, hunasa matope na kuficha uvujaji. Dereva anayeliona bamba kuwa dhamana naye anaruka kutoka kinarani, ila amevaa chuma. Hata hivyo kosa hilo ni la dereva. Bamba lililosanifiwa vizuri lina matundu ya kupitisha hewa na kumwagia oili, na bolti za kulifungua ili chini pakaguliwe. Aliyeyatoboa amekwisha kukubali kwamba kinga yake haitoshi.