KUMUUZIA TAMAA MGONJWA WA INI

Ama baad. Ewe ndugu msomaji, ini likijaa makovu husinyaa likawa gumu, na mwenyewe huwa mfa maji, haachi kutapatapa. Leo wako wamuuziao seli shina, wakidai zitalirudisha ini hali yake. Je, yajuzu?

Uingereza wagonjwa 81 walifanyiwa jaribio, habari yake ikatolewa mwaka 2018: waliotiwa seli za damu yao wenyewe, maini yao hayakuwa bora kuliko ya wenziwao wa matibabu ya kawaida, na madhara mazito yalizidi kwao.

Kujaribu kwa uwazi, mgonjwa akiridhia, ni kutafuta ilimu. Ama kuuza lisilothubutu kana kwamba limethubutu ni ghushi, na ghushi ni haramu. Ridhaa ya aliyedanganywa si ridhaa. Wallahu aalam.