Ujuzi wa Kundi ni Mali ya Nani?

Mtu atokaye Songea kwenda kupanda treni hana budi ashike njia ya Njombe hadi Makambako. Hapo ndipo reli ya TAZARA, iliyojengwa mwaka 1970 hadi 1975, inapomaliza kuupanda mlima kutoka bonde la Kilombero. Katika kilomita zote 1,860, kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatoa watu jasho zaidi, kwa madaraja na mahandaki yake.

Maelfu ya vijana walioajiriwa humo hawakuwa wamepata kuijua kazi ya reli, na wengi wa Wachina waliowafundisha hawakujua Kiswahili. Basi elimu ikapita machoni na mikononi. Fundi alipiga nyundo, mwanafunzi akatazama, kisha akapiga yeye. Na aliyekwisha kuelewa akamwonyesha wa nyuma yake.

Je, ujuzi uliopatikana hivyo ni wa nani? Wako wasemao kuwa ni wa kila aliyeuchumia kwa jasho lake, naye ana hiari ya kuugawa au kuuficha. Hoja hii ina nguvu, lakini yasahau kuwa yeye mwenyewe alionyeshwa. Nyapara afichaye kipimo cha zege ili asipate mshindani anakalia amana ya watu, hata kama mshahara wake ni mdogo.

Hata hivyo lawama zote zisimwangukie yeye. Tuwatazame Wamatengo wa Mbinga na ngoro zao: wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba, wanawake huchimba katikati na kuzifunika udongo. Mtoto hujifunza papo hapo, na mwaka ujao kazi ipo tena. Mradi mkubwa hauna mwaka ujao. Reli ilikabidhiwa Julai 1976. Baadhi ya wajenzi wakabaki kuiendesha, wengine wakatawanyika. Ikaja barabara ya lami ya Makambako hadi Songea, kwa msaada wa Uingereza, katika miaka ya 1980. Na mwaka 2018 Songea ikaungwa na gridi ya taifa. Ni haki kuuliza ni nani aliyevuka kutoka kazi moja hadi nyingine akiwa na alichojifunza.

Vipimo na kumbukumbu za makosa huandikwa katika majalada ya mkandarasi, naye akiondoka mara nyingi huondoka nayo. Kijana aliyechanganya zege hubaki na mikono yake, bila cheti, wala kundi la kufundishana nalo.