Msema Kweli na Wenzake

Wahenga wametuachia mithali mbili ambazo, ukiziweka pamoja, zaonekana kugombana. Moja yasema umoja ni nguvu. Nyingine yasema msema kweli hana wajoli. Je, mtu akiona wenzake wamekosa, anyamaze ili umoja usivunjike, au aseme na kubaki peke yake? Maisha ya Pier Paolo Pasolini, Mwitalia aliyetunga mashairi na riwaya na kutengeneza filamu, yatatusaidia kulipima swali hili.

Pasolini alizaliwa Bologna mwaka wa 1922. Mashairi yake ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka wa 1942, aliyaandika kwa lugha ya wakulima wa Friuli, nchi ya mama yake. Mwezi wa Februari 1945 mdogo wake, Guido, aliyekuwa akipigana na Wajerumani milimani, aliuawa. Waliomwua hawakuwa Wajerumani, bali Wakomunisti waliokuwa wakipigana na adui yuleyule. Hata hivyo, vita vilipokwisha Pasolini alijiunga na chama cha Kikomunisti, kwa kuwa alikiona kuwa mtetezi wa maskini. Hakuacha kumlilia nduguye; lakini hakukubali kuihukumu imani ya wengi kwa damu iliyomwagwa na wachache.

Mwaka wa 1949 chama kilimfukuza kwa shtaka juu ya mwenendo wake. Akahamia Roma pamoja na mama yake, akafundisha shule kwa mshahara mdogo, akaandika habari za vijana wa mitaa ya kifukara. Mwaka wa 1963 mahakama ilimtia hatiani kwamba ameidharau dini katika filamu. Mwaka uliofuata, ingawa hakuwa mwumini, alitoa filamu ya Injili ya Mathayo kwa heshima kubwa, na mama yake mwenyewe akaigiza kama Mariamu wa uzeeni. Shirika la Kikatoliki likaitunukia zawadi.

Kisha mwaka wa 1968 wanafunzi wa chuo kikuu walipigana na polisi mjini Roma. Wenzake Pasolini waliwashangilia wanafunzi. Yeye akatoa shairi la kuwakumbusha kwamba polisi wale walikuwa watoto wa maskini, na wanafunzi wale watoto wa wenye mali. Wenzake walikasirika mno.

Labda msomaji atasema kwamba huyu alikuwa mgomvi tu. Ni kweli wako watu wapendao kupinga ili wasikike, nao si wasema kweli. Tutawatambuaje? Mgomvi huwakosoa wenzake akaenda zake. Mwenye kweli huwakosoa akabaki nao, akivumilia hasira yao. Pasolini hakuhamia upande wa matajiri baada ya kufukuzwa. Aliendelea kukiunga mkono chama kilichomtupa, hata alipouawa karibu na Ostia mwezi wa Novemba 1975. Wala hatulazimiki kukubali kila alilosema. Msema kweli naye aweza kukosea, na imempasa kusikiliza ajibiwapo.

Basi mithali zile mbili hazigombani. Boriti iliyoliwa na mchwa haiponi kwa kupakwa chokaa; na umoja unaolindwa kwa kimya ndivyo ulivyo. Awaonyeshaye wenzake mchwa hajaibomoa nyumba. Anataka waendelee kulala humo salama, naye akiwamo.