Mwanangu, Usiikimbize Kalamu

Mwanangu, keti kidogo. Najua una haraka. Umeniambia una miaka 26 na bado hujachapisha kitabu, na ulivyolisema jambo hilo mtu angedhani jua limekwisha kutua. Sikukucheka. Ila kuna watu nataka uwajue kabla hujaufungia muswada wako kabatini.

Ni watu wa Welisi, nchi ndogo ya milima upande wa magharibi wa Uingereza. Lugha yao ilifukuzwa mahakamani na ofisini kwa sheria ya mwaka 1536. Walioendelea kuishika ni wakulima, mafundi, wahubiri na walimu. Katika hao nampenda zaidi mmoja, fundi wa nguo aliyeitwa Daniel Owen.

Alizaliwa mwaka 1836 katika mji wa Mold. Alikuwa bado mtoto mchanga mgodi wa makaa wa Argoed ulipojaa maji, Mei 1837. Baba yake akafia humo, na kaka zake wawili. Mama akabaki na watoto na ufukara. Shule Daniel aliipata kwa kudokoadokoa tu, na alipofika miaka 12 akapelekwa kujifunza ushonaji. Usimwonee huruma upesi, mwanangu. Katika karakana ile mafundi walishona huku wakibishana juu ya mahubiri, siasa na vitabu. Kijana yuko pale na sindano yake, masikio wazi. Nani anajidai, nani anaficha uchungu, nani anasema hivi kanisani na vingine nyumbani, hayo yote aliyasikia hapo.

Alitamani kuwa mchungaji. Mwaka 1865 akaingia chuo cha Bala, lakini hakumaliza. Nyumbani walimhitaji, akarudi kwenye sindano, na siku za Jumapili akawa anahubiri. Halafu mwaka 1876 mshipa ukampasuka pafuni. Mimbari ikamponyoka. Fikiria hali yake: umri unakaribia miaka 40, hana mke, hana afya, chuo hakukimaliza, na sasa hata kuhubiri hawezi. Mchungaji mmoja, Roger Edwards, aliyekuwa mhariri wa jarida la dhehebu lao, ndiye aliyemhimiza aandike. Riwaya yake Rhys Lewis ikatoka kidogo kidogo jaridani, kisha ikawa kitabu mwaka 1885. Alikuwa anakaribia miaka 50. Leo anahesabiwa kuwa mwandishi mkuu wa riwaya wa lugha yake katika karne ile, na sanamu yake imesimama mjini Mold.

Wewe unafanya kazi dukani na unaiona kama wizi wa muda wako. Wateja wanaokuchosha, mwanangu, wasikilize.

Kisha ukaniambia jambo lililoniuma zaidi. Ulisema labda uiandike upya hadithi yako kwa Kiingereza, maana Kiswahili hakitakufikisha mbali. Basi nikueleze habari za Owen Edwards, mtoto wa shamba dogo la Llanuwchllyn, aliyezaliwa mwaka 1858. Siku zile baadhi ya shule za Welisi zilikuwa na kibao cha mbao chenye herufi mbili. Mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa kibao hicho shingoni. Angeweza kukivua kwa njia moja tu: amnase mwenzake akisema lugha hiyo hiyo, amvishe yeye. Aliyebaki nacho jioni alichapwa. Edwards ameandika mwenyewe kwamba kibao kile kilimkaa shingoni siku baada ya siku, kwa sababu hakutaka kumtega mtoto mwingine. Akachapwa, siku baada ya siku.

Mtoto huyo alikuja kuwa msomi wa Oxford. Angeweza kuisahau lugha ya kijijini. Badala yake alianzisha jarida kwa lugha hiyo mwaka 1891, na mwaka uliofuata jingine la watoto. Mwaka 1907 akawa mkaguzi mkuu wa shule za Welisi, na aliutumia wadhifa ule kuirudisha lugha madarasani.

Kibao kile nakijua, mwanangu. Huku kwetu pia kilipita. Nilipokuwa mwalimu kijana, mwanafunzi aliyesema Kiswahili siku ya Kiingereza alikivaa, na mimi ndiye niliyewavisha kwa mikono hii. Darasani nilikuwa na msichana mmoja, fundi wa hadithi. Wakati wa mapumziko angewaketisha wenzake chini ya mwembe hata kengele ilie hawajaisikia. Kibao kikamwandama. Baadaye akanyamaza, hata kwa Kiswahili akanyamaza. Nami niliona, nikadhani ameshika adabu. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa na mkaguzi. Sijui hadithi zile zilikwenda wapi, na jambo hilo halijaniacha.

Ndiyo maana sitaki uiache lugha yako kwa papara.

Ama kuhusu ukurasa uliouandika mara tano ukaukataa, nakuachia watu wawili wa zamani zaidi. William Salesbury alitoa Agano Jipya kwa Kiwelisi mwaka 1567. Alikuwa msomi mkubwa, lakini alipenda maneno yaandikwe yafanane na Kilatini, si kama watu wanavyoyatamka. Waliposimama kanisani kuyasoma kwa sauti, wakajikwaa. Akaja William Morgan, kasisi wa kijiji cha Llanrhaeadr-ym-Mochnant. Hakuitupa kazi ya mwenzake. Aliichukua akailainisha, akatafsiri na sehemu zilizobaki za Biblia, huku akigombana na majirani hadi mahakamani. Walimshtaki hata kwamba huficha bastola chini ya kanzu. Usidhani wasomi hupata utulivu ndipo waandike.

Kazi ilipokwisha alikwenda London kwa takriban mwaka mzima. Wapanga herufi kule hawakujua neno la Kiwelisi, kwa hiyo ilimbidi asimamie mwenyewe uchapaji na kusahihisha karatasi moja baada ya nyingine. Biblia ikatoka mwaka 1588. Morgan alifariki mwaka 1604. Mwaka 1620 wengine wakaisahihisha tena, na mwaka 1630 ndipo ikatoka ndogo, ya bei nafuu, ambayo mtu wa kawaida angeweza kuiweka nyumbani. Hata hivyo wengi hawakujua kusoma. Miaka mia baadaye kasisi Griffith Jones akaanzisha shule za kuhamahama: mwalimu hukaa mahali kwa miezi michache, hasa ya baridi ambapo shamba halina kazi, akawafundisha wakubwa kwa wadogo, kisha akahamia kijiji kingine. Alipofariki mwaka 1761 shule zaidi ya 3,000 zilikuwa zimefanyika.

Sura yako ya kwanza nimeisoma. Mazungumzo ya bibi na mwenye duka ni mazuri, na naona umeyasikia kweli mahali. Barua ya kaka umeiandika kwa pupa, na humo ndimo umeanza kutafuta maneno makubwa. Iache hivyo kwa sasa, uandike ya pili. Ramadhani ikiisha uje nazo zote mbili, tuzisome kwa sauti, na pale tutakapojikwaa tutatia alama.