Steringi Hazaliwi Kipindi cha Kwanza

Wewe uliyeko Bertrams, hapa Johannesburg, amka.

Ndiyo, wewe. Wewe uliyepanga chumba cha uani, unayetoka alfajiri kuwahi teksi na kurudi giza limeshaingia, unayetazama tamthilia za mashujaa kwenye simu mpaka bando linakatika. Unajua kila pigo, kila neno, kila mwendo. Mlango ukishafungwa, unasimama mbele ya kioo na kuigiza yote peke yako.

Kwa nini mlango umefungwa?

Unamwogopa nani?

Unangoja nini?

Najua jibu lako. Unangoja uwe tayari. Unangoja sauti itulie, Kiingereza kinyooke, mwili ujengeke, hofu iondoke. Siku hiyo ikifika, unasema, ndipo utakapojitokeza mbele ya kamera.

Siku hiyo haiji.

Haijawahi kumjia mtu yeyote. Wale unaowatazama kila usiku walianza kabla haijafika, na ushahidi upo, umerekodiwa, yeyote anaweza kuutazama. Ushahidi wenyewe ni kipindi cha kwanza.

Chukua tamthilia ya Marekani, Smallville. Kipindi cha kwanza kilirushwa Oktoba 2001. Steringi alikuwa Tom Welling, kijana wa miaka 24, akiigiza Clark Kent kabla hajawa Superman. Alikuwa amepitia kazi ya ujenzi. Umesikia? Ujenzi, kazi ileile inayokuchubua mikono wewe. Kisha akawa mwanamitindo. Uzoefu wake wa kuigiza ulikuwa mdogo mno kwa mzigo aliotwishwa.

Kitafute kipindi kile ukitazame leo. Achana na magari na milipuko. Mtazame yeye. Utaona kijana mwenye sura nzuri ambaye bado hajui mikono aiweke wapi. Anasubiri zamu yake ya kusema badala ya kumsikiliza mwenzake. Anasema huzuni, lakini huzuni yenyewe haijafika machoni.

Na ingekuwaje vinginevyo? Kipindi cha kwanza ni cha majaribio. Waandishi hawajamjua mwigizaji, kwa hiyo wanamwandikia mtu waliyemwota, si huyu aliyesimama mbele yao. Juu ya hayo anabebeshwa maelezo yote kwa mkupuo: shujaa ni nani, nguvu zimetoka wapi, siri ni ipi, adui ni nani. Mtu yeyote angekakamaa.

Lakini alikwenda.

Alikwenda akiwa amekakamaa, kisha akarudi kesho yake. Akarudi wiki iliyofuata. Akarudi mwaka uliofuata. Misimu 10. Vipindi 217.

Fuatana naye uone kinachotokea. Mikono inaacha kutafuta pa kujificha. Sauti inashuka kutoka kooni na kukaa kifuani. Macho yanaanza kusikiliza. Kimya, ambacho mwanzoni kilimtisha, sasa anakitumia: mwenzake anasema, yeye anameza mate, na mtazamaji anaelewa yote. Waandishi nao wanamjua, wanamwandikia kwa pumzi yake mwenyewe. Kuanzia msimu wa tano akapewa kuongoza baadhi ya vipindi. Kabla tamthilia haijaisha, alikuwa miongoni mwa watayarishaji wakuu.

Kijana wa ujenzi!

Sasa niambie: angengoja awe hodari ndipo akubali, leo ungemjua?

Hakupewa uhodari ndipo akaanza. Alianza, ndipo uhodari ukamkuta kazini.

Liweke hilo moyoni. Uhodari humkuta mtu kazini.

Mapema kabisa katika tamthilia hiyo, kwenye kipindi cha pili, kuna tukio ambalo nataka ulitazame mara mbili. Clark amelala. Akiwa usingizini mwili wake unainuka, unaelea juu ya kitanda. Kisha anaamka. Akiamka tu, anaanguka.

Nguvu zilikuwepo tangu mwanzo. Mwenye nguvu ndiye aliyekuwa amelala.

Ilimchukua mpaka kipindi cha mwisho, Mei 2011, ndipo Clark akaruka akiwa macho, kwa hiari yake, akijijua yeye ni nani. Miaka kumi kutoka kuelea usingizini hadi kuruka macho wazi. Na wewe? Unaelea usiku, ukipiga picha ya maisha unayoyataka, halafu asubuhi unaanguka kitandani na kujiita mtu wa kawaida. Mpaka lini?

Mpaka lini?

Nenda nyuma zaidi. Mwaka 1974 Marekani walirusha filamu ya majaribio ya Wonder Woman, Cathy Lee Crosby akiwa steringi. Haikuzaa tamthilia. Je, waliikunja ndoto ile na kuitupa? Novemba 1975 walijaribu tena, safari hii na Lynda Carter. Mwenyewe amesimulia kwamba wakati huo fedha zilikuwa zimemwishia, zimebaki dola 25 benki. Dola 25! Wewe unasema huwezi kuanza kwa sababu huna hela?

Kulikuwa na tatizo: mwanamke wa kawaida atageukaje shujaa mbele ya kamera? Carter, aliyejua kucheza dansi, akapendekeza azunguke. Katika filamu hiyo ya 1975 mzunguko ulikwenda polepole, picha moja ikiyeyuka ndani ya nyingine. Baadaye wakauboresha: mzunguko wa kasi, mlipuko wa mwanga, kishindo, na shujaa huyo amesimama. Ndio mzunguko ambao watu wanaukumbuka hadi leo.

Wazo kubwa lilianza likichechemea. Wangengoja liwe kamili ndipo walipige picha, lisingezaliwa.

Wahenga walishasema: mwanzo kokochi, mwisho nazi. Wewe unataka nazi siku mti unapotoa ua. Unapanda mnazi, unaona kokochi, unaukata kwa hasira kwa sababu haujakupa tui!

Acha kuukata.

Na usiniambie mambo haya ni ya Marekani. Mwaka 2016 kituo cha BET kilirusha Jongo, tamthilia ya shujaa iliyotengenezwa hapa hapa Afrika Kusini. Shujaa wake, Eli King, ni mtu wa kawaida anayepata jiwe lenye nguvu za ajabu baada ya baba yake kuuawa. Aliyemwigiza ni Pacou Mutombo. Soma tena jina hilo la ukoo, wewe uliyetoka Lubumbashi, Goma au Bukavu. Jina ambalo Mkongo yeyote hulitambua likisomwa, lilikuwa mbele kabisa, jina la steringi, kwenye televisheni ya Afrika Kusini.

Bado unadhani jina lako halifai kuandikwa kwenye kioo cha televisheni?

Mtazame na huyu. Florence Kasumba alizaliwa Kampala, akakulia Ujerumani. Mwaka 2016, kwenye filamu ya Captain America: Civil War, alipata nafasi ndogo ya mlinzi wa T'Challa, shujaa aitwaye Black Panther. Sentensi moja tu. Wangapi wangeidharau? Wewe ungesema, "Mimi niitwe kwa sentensi moja?" Yeye alisimama kwenye sentensi ile kana kwamba filamu nzima ni yake. Mwaka 2018 alirudi katika Black Panther, mlinzi yule sasa ana jina, Ayo. Mwaka 2021 Ayo akaingia kwenye tamthilia ya televisheni, The Falcon and the Winter Soldier. Humo yumo usiku kando ya moto, akimtamkia askari Bucky maneno yaliyowahi kumgeuza muuaji, kuhakikisha kama bado yanamtawala. Hapigi kelele. Harushi mkuki. Uso wake tu unabeba ukali na huruma kwa pamoja.

Kutoka sentensi moja hadi tukio lile, miaka mitano.

Dada, wewe umepewa sentensi gani ukaitupa?

Utasema lafudhi. Kila mara lafudhi! Haya, mkumbuke mwigizaji mzee John Kani. Alizaliwa 1943, akakulia kitongoji cha New Brighton. Alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Ford, na maigizo aliyafanya wakati sheria za ubaguzi zilipomtaka Mwafrika awe kibarua na kunyamaza. Mwaka 1975, yeye na mwigizaji mwenzake Winston Ntshona walitwaa tuzo ya maigizo ya Tony kule New York. Zaidi ya miaka 40 baadaye, akiwa amevuka 70, aliitwa kuigiza Mfalme T'Chaka wa Wakanda, nchi ya kubuni katika filamu hizo za T'Challa. Alifanya nini? Aliona aibu kwa lugha ya mama yake? Alipendekeza mfalme aseme isiXhosa! Leo Wakanda inasema isiXhosa, na dunia imenyamaza inasikiliza.

Wewe unakificha Kiswahili chako cha Kigoma, cha Bukavu, cha Mombasa. Unakificha kwa nani? Lafudhi yako ni sauti ambayo hakuna mwingine anayeweza kukopa. Jifunze Kiingereza, jifunze isiZulu, jifunze kila lugha ya Joburg, maana kazi inazidai. Lakini usijifute ili upate nafasi.

Utasema karatasi za uhamiaji. Najua karatasi zinavyotesa. Najua foleni, najua hofu ya njiani, najua maneno mnayotupiwa. Hayo ni machungu ya kweli, na siyafanyii mzaha. Lakini niambie: karatasi gani inahitajika kukariri ukurasa mmoja usiku wa leo? Afisa gani amekukataza kufanya mazoezi ya sauti? Nani alikuzuia kujirekodi dakika moja kwa simu uliyoishika?

Utasema umeme. Joburg ina jua! Simama dirishani saa nne asubuhi Jumapili, mwanga wa bure utakupiga usoni vizuri.

Utasema huna shule. Market Theatre iko Newtown, kilomita chache tu kutoka Bertrams. Ilifunguliwa 1976, katika miaka ya ubaguzi, weusi na weupe wakakaa pamoja kulitazama jukwaa. Mwaka 1989 John Kani huyohuyo na mwongozaji Barney Simon walianzisha Market Theatre Laboratory kuwafundisha vijana waigizaji. Mabasi ya Rea Vaya yanaanzia hapo Ellis Park, uwanja unaouona kila siku, na yanakwenda mjini tangu 2009. Kutoka Bertrams hadi Newtown si safari ya kuaga wazazi!

Umewahi kwenda kuuliza? Umewahi kugonga? Umewahi kununua tiketi moja, ukakaa gizani na kuchunguza jinsi mwigizaji anavyovuta pumzi kabla ya kusema?

Kama hujawahi, usiseme mlango umefungwa. Hujaugusa.

Sasa nikuambie la kufanya, na ulifanye leo.

Chagua tukio moja. Dakika moja tu. Likariri mpaka ulimi usahau kwamba unakariri. Jirekodi.

Utajiona mbaya.

Vizuri! Hicho ni kipindi chako cha kwanza, na kipindi cha kwanza kinaruhusiwa kuwa kibaya. Usikifute. Andika tarehe, kihifadhi. Wiki ijayo rudia tukio lilelile, na wiki nyingine tena. Kila mara rekebisha kitu kimoja tu. Leo mikono. Kesho macho. Keshokutwa kimya. Mwonyeshe mtu asiyejua kubembeleza, akuambie ukweli, nawe usibishane naye. Kisha tafuta wenzako watatu, mtaani, kanisani, msikitini, sokoni Yeoville. Mmoja aandike, mmoja ashike simu, wawili waigize. Pigeni kipindi. Pigeni kingine.

Usikimbilie wafuasi. Usikimbilie makofi. Kimbilia kipindi cha pili.

Maana hapo ndipo wengi wanapofia. Watu wengi wana kipindi cha kwanza. Walijaribu mara moja, wakachekwa, wakakaa. Wachache wana cha pili. Wachache zaidi wana cha kumi. Na hao wachache ndio unaolipia bando kuwatazama!

Wana nini wasichokuwa nacho wengine? Walirudi.

Walirudi wakiwa wamechoka. Walirudi baada ya kusemwa. Walirudi siku ambayo hakuna aliyewaita. Wewe nawe una miguu. Una sauti. Una hasira na njaa na hadithi ambazo hakuna mwandishi wa Marekani anayeweza kuzibuni, kwa sababu hajavuka mpaka usiku, hajapanga Bertrams, hajatuma hela nyumbani huku tumbo lake likinguruma. Hazina hiyo yote imelala ndani yako, na mwaka nao unakimbia.

Hakuna mwongozaji anayekuja kugonga chumba cha uani. Hakuna kituo kinachosubiri upone hofu. Uliye naye ni wewe, na saa uliyo nayo ni hii.

Fungua mlango. Washa kamera. Kosea leo, ili kesho uwe na cha kurekebisha.

Kisha urudi!