Kama Hakuna Aliyeumia, Dhambi Iko Wapi?



Wapendwa vijana wenzangu, leo nataka niwaambie jambo ambalo nilikaa nalo miaka minne bila kulitaja kwenye kitubio. Si kwamba nililificha. Sikuliona kabisa kama dhambi. Kwa hesabu yangu hakuna kilichoibiwa, hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyeumia. Nilikimbiza pikipiki tu, basi.

Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo. Nyumbani ni Uyole, Mbeya, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Binamu yangu alikuwa bodaboda, na jioni jioni alikuwa ananifundisha kuendesha kwenye barabara ya vumbi mpaka nikazoea klachi na gia. Leseni sikuwa nayo.

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda Chimala kuangalia mpunga wa baba mdogo. Binamu aliendesha kutoka Uyole, tukapita Inyala, tukashuka mpaka Igurusi. Tulipoiacha Igurusi akasimama kando, akashuka, akaniambia, "Dogo, shika wewe. Hapa barabara imenyooka."

Anayepafahamu pale anajua. Ile baridi ya Uyole umeshaiacha, joto la Usangu linakupokea. Mkono wa kulia una milima, mkono wa kushoto tambarare ya mpunga hadi macho yanachoka. Nikaanza taratibu, 40, kisha 60. Binamu akanigonga begani, "Kaza mafuta, dogo! Mbona kama umebeba mayai?" Nikakaza. Mshale ukapita 80, ukaendelea kupanda, ukakaribia 100.

Sitawadanganya, ilikuwa tamu. Macho yalitoa machozi kwa upepo, maana kofia ngumu tulikuwa nayo moja tu na ilikuwa inaning'inia kwenye usukani. Mlio wa injini sikuusikia tena, nilisikia upepo. Wasiwasi wa matokeo, ada ya chuo, maneno ya nyumbani, vyote niliona nimeviacha nyuma huko Igurusi. Nikapiga kelele za furaha. Kwa mara ya kwanza maishani nilijiona mtu mzima, mtu asiyemwogopa yeyote.

Halafu akatokea mtoto. Alikuwa anakimbiza tairi kwa kijiti pembeni ya barabara, kama tulivyocheza sisi sote. Tairi likamponyoka likaingia kwenye lami, naye akalifuata. Mimi sikushika breki. Nasema ukweli, sikuwahi. Kabla mkono na mguu havijajua la kufanya, tulikuwa tumeshampita. Alisimama mwenyewe, labda alisikia mlio. Kati ya goti langu na kifua chake palibaki nafasi ya urefu wa mkono.

Binamu akacheka, "Mungu mkubwa, dogo!" Nami nikacheka. Usiku, kwenye Rozari ya familia, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Nilishukuru, lakini sikutubu. Na mwaka ule nikaisimulia ile safari mara nyingi sana kwa rafiki zangu, kila mara mtoto nikimruka kwenye hadithi.

Baadaye nikapata chuo Iringa. Kwaresima moja, sisi wanachama wa TMCS tulikwenda kutembelea wagonjwa hospitalini. Kwenye wodi ya wanaume mama mmoja aliyekuwa anamuuguza mwanae akatupokea, "Kamwene." Tukaitikia. Mwanae alikuwa kijana wa umri wangu, mguu umening'inizwa na kufungiwa vitu vizito ili mfupa unyooke. Alikuwa bodaboda. Alikuwa anashuka kutoka mjini kwenda Ipogolo, na wenyeji wa Iringa mnaujua ule mteremko. Mtoto wa shule akavuka. Yule mtoto alifariki palepale, na yeye alikuwa anasubiri kupona ili aanze kesi.

Tulimpa sabuni na machungwa, tukasali naye. Wenzangu walipohamia kitanda kingine nilibaki kidogo. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, kijiweni wananiita muuaji. Na ni kweli. Ila ule mteremko mimi nilikuwa naushuka hivyohivyo kila siku. Mbona hakuna aliyenisema?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala. Nilijiuliza, kati yangu na yeye kuna tofauti gani? Mwendo ni uleule. Furaha ni ileile. Yeye alikuwa na leseni, mimi sina. Yeye alikuwa kazini, mimi nilikuwa najifurahisha. Tofauti iliyobaki ni moja: mtoto wa kwangu alisimama, wa kwake hakusimama. Na kusimama kwa yule mtoto hakukuwa kazi yangu. Sikumsimamisha mimi. Sasa nawezaje kukichukua kitu ambacho sikukifanya nikakifanya ushahidi kwamba mimi ni mwema? Yeye aitwe muuaji, mimi niitwe kijana mzuri wa kwaya?

Hapa lazima twende polepole, maana kuna anayesema, "Lakini sheria yenyewe inawatofautisha." Ni kweli, na ina haki. Kwake kuna familia iliyozika, kuna machozi, kuna deni ambalo mimi sina. Nisingethubutu kwenda kwa mama wa yule mtoto wa shule nikamwambia mambo ni yaleyale. Matokeo yana uzito wake. Lakini swali la dhambi linaanza kabla ya matokeo. Linaanza pale mkono ulipokaza mafuta. Yesu katika Mathayo sura ya 5 aliichukua amri ya kutoua akairudisha nyuma mpaka kwenye hasira iliyo moyoni, mahali ambapo bado hakuna hata tone la damu. Na pale, kwenye kukaza mafuta, mimi na yule kijana tulikuwa mtu mmoja.

Nikafungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki. Namba 2290 iko chini ya Amri ya Tano, Usiue. Inafundisha kwamba wana hatia kubwa wale ambao, kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi kupita kiasi, wanahatarisha usalama wao na wa wengine barabarani, majini au angani. Niliisoma mara tatu. Haizungumzii wanaosababisha ajali tu. Inawataja wanaohatarisha. Na namba 2269 inasema sheria ya maadili inakataza kumweka mtu kwenye hatari ya kifo pasipo sababu nzito. Basi hata siku ambayo hakuna kilichotokea, kuna kilichokuwa kimeshatokea. Nilikuwa nimeuweka rehani uhai wa mtoto wa mwenzangu, nikakopea raha ya dakika kumi.

Tupige hesabu kidogo. Ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, kila sekunde unakwenda kama mita 28. Kabla akili haijasema "breki" na mkono haujaitika, sekunde moja imeshapita. Na ukiongeza mwendo mara mbili, kutoka 50 hadi 100, nguvu ya kugonga haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Vivyo hivyo urefu wa barabara unaohitaji ili breki ikusimamishe. Mimi hayo nilikuwa nimeyasoma kwenye fizikia na nikafanyia mtihani. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Lipo jingine lililonichoma zaidi. Pikipiki ya binamu ilikuwa na maandishi kwenye madigadi ya nyuma kwamba Mungu ndiye mlinzi, na rozari kwenye kioo cha pembeni. Mimi nilijiona salama kwa sababu hiyo. Someni tena Mathayo 4. Shetani alimpeleka Yesu juu ya kinara cha Hekalu akamshawishi ajitupe, na ili amshawishi alitumia maneno ya Zaburi ya 91, yale ya malaika kumlinda mtu. Yaani alimletea Biblia! Na Yesu akajibu kwa Maandiko kwamba Mungu hapaswi kujaribiwa. Zaburi ile ni ya kweli, na ulinzi wa Mungu ni wa kweli. Ila kuna mtu anayeomba ulinzi kwa sababu safari ina hatari, na kuna mtu anayeitengeneza hatari mwenyewe halafu anamwachia Mungu kazi ya breki. Mimi nilikuwa huyo wa pili.

Na wale waliokuwa nyuma yetu? Mtakatifu Augustino, katika Maungamo yake, anasimulia jinsi alivyoiba mapea akiwa na miaka 16 huko Thagaste, ambayo leo iko Aljeria. Hakuwa na njaa, na mengi waliyatupia nguruwe. Anapojichunguza anatambua kwamba peke yake asingeiba. Kilichomsukuma ni kuwa na wenzake. Nami nasema hivyohivyo: bila ile sauti ya "umebeba mayai" nisingefika huko. Sasa jiulize wewe ambaye huendeshi. Mara ngapi umemwambia bodaboda, "Kaza bana, nimechelewa"? Mara ngapi umesema hivyo ukiwa unawahi Misa? Na wewe mwenye pikipiki, unayempa kijana hesabu ya siku isiyolipika kwa mwendo wa kawaida, unadhani hauko naye pale kwenye mteremko? Yule wa Ipogolo hakukimbizwa na raha tu. Alikimbizwa pia na njaa. Hatia yake Mungu ndiye anayeipima, na huenda kwenye mizani hiyo majina ni mengi kuliko lile moja lililoandikwa polisi.

Sisemi kwamba furaha niliyoisikia kule Usangu ilikuwa ya shetani. Mungu ndiye aliyeumba upepo na mwili unaousikia. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, yule kijana wa Torino aliyetangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025 siku moja na Carlo Acutis, alipenda sana kupanda milima, na milima ina hatari zake. Kanisa halikumwambia akae nyumbani. Lakini mpanda mlima anajifunza, anajiandaa, na anajua anachokikubali. Hata bodaboda anayekimbiza mama mwenye uchungu usiku wa manane ana sababu nzito, na hata yeye anawasha taa na kupiga honi kwa ajili ya wengine. Mimi je?

Swali hilo niliulizwa na padre. Nilikwenda kuungama kabla ya Pasaka ile. Nilipomaliza nikaongeza haraka, kama mtu anayetaka kuondoka, "Lakini Padre, hakuna aliyeumia." Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Mwanangu, yule mtoto alikubali?"

Alikubali nini? Alikubali niutumie uhai wake. Mimi nilikubali hatari yangu, binamu akakubali ya kwake. Yule mtoto hakuulizwa. Alikuwa na tairi lake na kijiti chake, kwao. Nikalia pale kizimbani kwa ajili ya mtu ambaye nilikuwa nimemruka kwenye hadithi kwa miaka minne.

Malipizi aliyonipa yalikuwa kumwombea mtoto yule kila nipitapo barabara ile, na kuisimulia safari bila kumruka. Ndicho ninachofanya leo hapa. Nikisafiri kati ya Mbeya na Iringa, basi likifika kipande cha Igurusi naacha simu, nafanya ishara ya msalaba. Jina lake silijui. Sasa atakuwa kijana mkubwa, labda naye anaanza kujifunza klachi. Kuna mtu Usangu ananidai, na hajui.

Bado naendesha pikipiki, sasa nina leseni na kofia ngumu kichwani. Penye nyumba za watu navuta 50 na kushuka. Wanaonipita wananicheka kwamba nimebeba mayai. Nimeshakubali. Ni kweli nimeyabeba, na si yangu.

Ndugu yangu, jioni ya leo ukifanya uchunguzi wa dhamiri, usiishie kwenye mabaya yaliyotokea. Tafuta na yale ambayo hayakutokea kwa sababu tu mtu mwingine alisimama. Ule ujumbe ulioujibu huku unaendesha. Zile bia mbili kabla ya kushika usukani. Ile mishikaki ya watu wanne mliyopanda mkitoka mkesha. Kushukuru ni vizuri. Tukishamaliza kushukuru, twende na kitubioni.

Tusali: Ee Bwana, unawajua kwa majina wote tuliowapita kwa urefu wa mkono. Wabariki. Wapokee wale ambao hawakusimama, uwafariji wazazi wao, na uwahurumie waliowagonga. Utufundishe kumheshimu kila aliye barabarani kama tunavyokuheshimu wewe uliyepita njia zetu kwa miguu. Amina.